Saikolojia ya vyombo vya habari: kazi zipo, jina lake halipo

Ukipekua matangazo ya kazi ukitafuta "mwanasaikolojia wa vyombo vya habari", yaani mtu anayechunguza jinsi redio, televisheni na mitandao vinavyogusa fikra na hisia za watu, utachoka. Wanaoibeza shahada ya fani hii huanzia hapo, na hawakosei. Kule California, Fielding Graduate University hufundisha fani hii hadi uzamivu, lakini shahada hiyo si njia ya kupata leseni ya kutibu wagonjwa. Mzazi anayelipa ada akitarajia mwanawe afungue kliniki bora aulize mapema.

Lakini kazi zenyewe zipo, tena za siku nyingi. Kabla kipindi cha watoto cha Sesame Street hakijaanza kurushwa Marekani mwaka 1969, mtafiti Edward Palmer alimkalisha mtoto mbele ya televisheni, na kando yake picha za slaidi zikawa zinabadilika kila sekunde 7.5. Mtoto akigeuka kutazama slaidi, inaandikwa. Watayarishaji wakajua ni wapi kipindi kinachosha.

Kwetu Tanzania, mchezo wa redio Twende na Wakati, uliohimiza uzazi wa mpango, ulipoanza mwaka 1993, eneo la Dodoma halikurushiwa kwa takriban miaka miwili, ili kuwe na cha kulinganisha. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule ulikosikika. Bila Dodoma, nani angejua kama ni redio au ni mambo mengine tu?

Ujuzi huohuo una upande mchungu. Januari 2012 Facebook iliwachezea watumiaji 689,003 habari walizokuwa wakiziona, ipime hisia zao, bila kuwaarifu. Matokeo yalipochapishwa 2014, athari ilikuwa ndogo mno. Hasira za watu hazikuwa ndogo. Mhitimu anaweza kuajiriwa na kampeni ya afya, na anaweza kuajiriwa na kampuni inayotaka usiweke simu chini. (Sina shaka ni ipi inayolipa zaidi.)

Mimi nasimama hapa: shahada ya kwanza iwe saikolojia yenyewe, hii ije kwenye uzamili. Anayetafiti watumiaji wa programu za simu, anayepima matangazo ya biashara, anayejaribisha vipindi vya watoto, wote wanaajiriwa kwa kujua kupima, si kwa jina lililo kwenye cheti. Chuo chenye mijadala tele kuhusu mitandao na somo moja la takwimu, mimi nisingekilipa ada.