Delta na ndege zake za zamani: umri peke yake hautuambii kitu

Kila habari za Delta Air Lines ya Marekani zikitajwa lazima atokee mtu wa kulalamika kwamba shirika lenye pesa zote zile bado linarusha Boeing 757 na 767 za miaka ya tisini, wakati wenzao wa Singapore na Ghuba wanapokea ndege mpya kila kukicha. Wastani wa umri wa ndege za Delta unacheza kwenye miaka 15 hivi, Singapore Airlines ni karibu nusu ya hapo. Malalamiko yana ukweli ndani yake na nitayafikia, ila wengi wanaangalia mwaka wa kutengenezwa halafu wanafunga hesabu, wakati hesabu yenyewe ndo kwanza inaanza.

Tuanze na pesa. Bei ya orodha ya A321neo, ndege ya kizazi kipya ya Airbus, mwaka 2018 ilikuwa dola milioni 129.5, sawa, wateja wakubwa wanapunguziwa sana, lakini hata upunguziwe vipi bado deni unalilipa kila mwezi, ndege iruke isiruke. Kwa hiyo ndege mpya lazima uirushe asubuhi mpaka usiku, hata siku za katikati ya wiki ambazo abiria ni wachache. Ile iliyomaliza deni unairusha Ijumaa, Jumapili na msimu wa likizo, siku nyingine unaipaki na haikuumizi sana. Delta wameishi hivyo miaka mingi. Ndege kongwe za DC-9 walizorithi walipoungana na shirika la Northwest 2008 walizitumia mpaka Januari 2014, wakanunua MD-90 za mtumba kutoka China na Japani, halafu kuanzia 2013 wakachukua Boeing 717 zipatazo 88 ambazo shirika la Southwest hawakuzitaka baada ya kulinunua shirika la AirTran lililokuwa nazo. Ni mtumba, ndiyo, lakini umenunuliwa na watu wenye karakana yao kubwa Atlanta, Delta TechOps, inayohudumia mpaka injini za mashirika mengine. Shirika lisilo na mafundi wa namna hiyo lisiige huu mpango, litaumia kwenye spea na matengenezo.

Kuhusu usalama, hofu ya watu naielewa. Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines yenye umri wa miaka 19 ilipasuka paa ikiwa angani Hawaii na mhudumu mmoja akafariki. Ile ndege ilikuwa imeruka safari karibu elfu 90, fupi fupi, kwenye hewa ya chumvi ya visiwani, na kilichochosha bodi lake ni huko kupaa na kutua kwingi pamoja na kutu. Marekani ikatunga sheria ya ndege zinazozeeka 1991 na ukaguzi ukabanwa. Sasa linganisha na zile 737 MAX mbili zilizoanguka, ya Lion Air Oktoba 2018 na ya Ethiopian Machi 2019, zote zilikuwa na miezi michache tu tangu zitoke kiwandani.

Jambo ninalotamani watu walitazame vizuri zaidi ni la 2020. Korona ilipowaondoa abiria, MD-88 na MD-90 zikastaafishwa Juni 2, hakuna aliyeshangaa. Lakini Mei Delta walikuwa wameshatangaza kwamba Boeing 777 zote nazo zinaondoka, zote 18. Kumi kati yake zilikuwa 777-200LR, zilizoanza kuingia 2008, na ndani zilikuwa zimetoka kukarabatiwa. Hizo zikaenda jangwani, kwenye maegesho ya ndege zisizotumika, 767 zenye umri mkubwa kuzipita zikabaki. Anayepima kwa umri hawezi kulieleza hili hata kidogo. Jibu liko kwenye hiyo 18. Aina moja ya ndege inataka marubani wake, mashine zake za mazoezi, spea zake, mafundi waliosomea hiyo hiyo, na gharama zote hizo ukizigawa kwa ndege 18 kila moja inabeba mzigo mzito, wakati 757 zilikuwa zaidi ya 100 na rubani wake akifuzu anaruhusiwa kurusha na 767. Juu ya hapo A350, ndege za Airbus za safari ndefu walizokuwa nazo tayari, kwa hesabu ya Delta wenyewe, zinatumia mafuta pungufu kwa asilimia 21 kwa kila kiti kuliko 777. Kwa hiyo ndege changa ikaondoka kwa sababu ilikuwa yatima.

Walilipia pia uamuzi ule. Abiria walirudi haraka, na Julai 2021 Delta hao hao wakatangaza kukodi A350 saba zilizokwisha tumika na kununua 737-900ER 29, nazo mtumba.

Sasa upande wa pili, na wana hoja nzito moja, mafuta. Kizazi kipya kinapunguza matumizi kwa asilimia 15 mpaka 20, na pipa likipanda kama lilivyofika dola 147 Julai 2008 ile faida ya kutokuwa na deni inayeyuka. Delta wanaujua udhaifu huo, 2012 walifika mpaka kununua kiwanda cha kusafisha mafuta Pennsylvania. Na hata mafuta yakiwa rahisi, moshi haupungui kwa sababu ndege imelipiwa, na shirika lililoahidi kwamba ifikapo 2050 halitaongeza tena hewa chafu angani (net zero) haliwezi kukaa na 767 milele. Hapa wakosoaji nakubaliana nao kabisa.

Ila wanaosema badilisha zote sasa hivi, waweke ndege zipi badala yake? Injini za Pratt & Whitney za A320neo zilikutwa 2023 na kasoro kwenye unga wa chuma uliotumika kutengeneza baadhi ya vipuri vyake, kampuni mama ikakadiria wastani wa ndege 350 zitakuwa zimepaki kati ya 2024 na 2026. Boeing 777X ilitakiwa kuanza kazi 2020, imesogezwa mwaka baada ya mwaka, ndo maana Lufthansa ya Ujerumani, waliokuwa wakiisubiri, walirudisha kazini 2023 ndege zao za ghorofa mbili za A380 baada ya kuziegesha. Delta wenyewe waliagiza 737-10, aina kubwa zaidi ya 737 MAX, mia moja Julai 2022 wakitegemea kuanza kuzipokea 2025, na 2025 ikaisha hiyo ndege haijapata hata kibali cha kubeba abiria. Kama wangekuwa wameshauza 757 wakisubiri hizo, zile ruti nani angeziruka?