Fundi, Kukaza Nati Hakuigeuzi Springi

Juzi nilimsindikiza mdogo wangu gereji moja hapa Dar na Impreza yake ya zamani. Fundi ameshika ile spana yenye ndoano, anazungusha nati ya koilova (shokapu iliyovikwa springi, yenye nati ya kuibana) na kumwambia kwa kujiamini: "Nikikukazia springi hivi, gari linakuwa gumu, kona unazikata unavyotaka." Dogo anachekelea. Mimi nikanyamaza, gereji si ya baba yangu. Hapa lakini ni kwangu.

Springi ya kilo 6 kwa milimita, yaani kila kilo 6 zinaibonyeza milimita moja, itabaki hivyo hata ukaze nati hadi mkono ufe ganzi. Tuseme imebebeshwa kilo 300: inabonyea milimita 50. Sasa ibane milimita 10 gari likiwa juu ya jeki. Hapo kilo 60 zimeshatangulia. Teremsha gari: zimebaki kilo 240, springi inabonyea 40 zaidi. Jumla? 50 zilezile! Gari limepanda milimita 10 tu, na tairi limepungukiwa milimita 10 za kushuka likikuta shimo. Mashimo yetu mnayajua. (Kwenye magari kama Toyota Mark X, mikono inayoshika tairi inabadilisha kidogo hesabu ya urefu, ila springi ni ileile.)

"Mbona nausikia ugumu?" Unausikia, sikatai. Hiyo ni shokapu inayonyooka hadi mwisho wake, ko!, tairi linaning'inia hewani wakati wewe unasifia fundi.

Ukilegeza nati ili gari lilale, unakula nafasi ya upande wa pili. Tuta la kwanza tu, shokapu imekalia kile kimpira chake cha kuizuia mwishoni na kiuno chako kimepata habari. Wenye koilova zinazorefushwa na kufupishwa kwa breketi ya chini wamepewa njia safi: springi unaiacha ilivyo, unafupisha shokapu yenyewe, na safari yake ya juu na chini haipungui, mradi tairi lisikwaruze fenda. Halafu mtu analipia seti ya namna hiyo, fundi anagusa nati ya springi peke yake kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mkono! Hapo ndipo damu inanichemka.

Haya, kubana kidogo kunahitajika, springi isichezecheze gari likinyanyuliwa. Kidogo, nimesema. Unataka ugumu? Nunua springi ngumu, na shokapu inayoimudu.

Urefu pima kuanzia katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, na kwanza lisukume gari mbele na nyuma likae sawa. Lililotoka kwenye jeki sasa hivi linadanganya. Kisha nenda alaimenti, maana kila ukigusa urefu pembe za matairi zinahama. Na kama umeinua pua, shusha na taa. Sisi tunaokuja mbele yako usiku tuna macho.