Chungwa la Malindi na ini la punda

Kwenye baraza moja hapa Malindi, mzee wetu humenya chungwa kwa utepe mmoja usiokatika, kisha huuliza: "Mwili wataka vitamini C, nayo hii hapa mtini. Mwasema hayana Msanifu haya?"

Hoja hii, kwamba mwili na tunda vimeoanishwa na Mungu aliye Msanifu wake, ina mvuto, na mji huu unaijua. Januari 1499 Vasco da Gama alirejea hapa kutoka India baada ya karibu miezi mitatu baharini. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kilikuwa kimewavimbisha fizi mabaharia wake, wapata 30 wakafa njiani. Wagonjwa walichotamani ni machungwa. Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa manowari ya Uingereza, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi.

Lakini mtazame punda anayevuta mkokoteni wa maji. Chungwa hali, na kiseyeye hakijui. Ini lake hujitengenezea vitamini C, kama la mbuzi na la paka wa sokoni. Sisi pia tunayo jeni, yaani agizo la urithi mwilini, ya kazi hiyo, ila ni mbovu, na kwa nyani na sokwe ni mbovu vilevile. Wanamageuzi, wanaoamini viumbe vilibadilika polepole kizazi hadi kizazi, husema tumerithi hitilafu hiyo kwa mababu waliokula matunda tele, wasione hasara yake. Watetezi wa usanifu hujibu kwamba gari bovu nalo lina aliyeliunda. Sawa, ila hapo hoja imehama: tulianza na mwili uliooanishwa na tunda, sasa tuna mwili ulioharibika, tunda likiwa mkongojo wake.

Tena mchungwa asili yake ni Asia. Watu ndio waliouleta na kuchagua mbegu tamu. Muhogo ulitoka Amerika, na ule mchungu una sumu ya sianidi mpaka uloweshwe na kuanikwa. Wali una upungufu wa laisini, kijenzi kimoja cha protini; maharage yanayo kwa wingi. Aliyevikutanisha sahanini ni mpishi. Kwangu mimi, mlingano huu unaonyesha zaidi mkono wa mkulima na wa mama jikoni.

Nilimwambia mzee habari za ini la punda. Akacheka. "Punda kapewa ini, wewe umepewa akili ya kupanda mchungwa. Shika."

Hilo halipimwi kwa jeni wala kwa wagonjwa 12. Nikashika kipande changu.