Nilivyoifuta Harusi ya Binamu

Ujumbe uliingia asubuhi kutoka huduma ya wingu, ile inayonihifadhia faili mtandaoni: nafasi yako imejaa, umetumia GB 2.55 kati ya GB 2. Nikautazama kama mtu anayedaiwa nauli ya basi ambalo hajapanda. Faili zangu zote, pamoja na takataka za miaka mitatu, hazikuzidi MB 900. Hizo nyingine kaleta nani?

Zilitoka harusini. Binamu yangu, bwana harusi mwenyewe, alifungua folda ya pamoja ya picha, tukawa wanachama 14. Nilibonyeza "Kubali" huku napiga mswaki. Picha zilikuwa MB 800, ukijumlisha na zangu GB 1.7, mambo shwari. Usiku ule shemeji akatumbukiza humo video moja ya dakika 5 ya 4K, yaani ya picha kali sana. Dakika moja ya 4K, kwa fremu 30 kwa sekunde, hula takriban MB 170 hata ikibanwa vizuri. Mara 5 ni MB 850. Binamu kacheza dakika tano, mimi nimezama.

Huduma yenyewe siitaji jina, maana haikukosea kitu. Kanuni yake imeandikwa wazi: folda ya pamoja inahesabiwa yote, nzima nzima, kwenye mgao wa kila mwanachama, yaani nafasi aliyopewa, haijalishi nani kapakia. Folda ya GB 1.65 kwa watu 14 inatafuna GB 23.1 za migao, ingawa faili ni zilezile. Na mgao ukishapita kikomo, kusawazisha faili kati ya kompyuta na wingu kunasimama. Unachoandika kinabaki kwenye kompyuta yako, hakipandi. Ripoti yangu ya kazi ilikuwa na kile kiduara kinachozunguka tangu juzi, nami nikadhani intaneti ndiyo mvivu.

Nikaanza kujitibu. Kwanza nikaingia kwenye mipangilio ya programu, nikatoa alama kwenye folda ya harusi ili isiletwe kwenye kompyuta. Diski ikapumua GB 1.65. Nikaenda kuangalia mgao: 2.55. Nikazima kompyuta, nikawasha: 2.55. Nikamwaga pipa la takataka la kompyuta, sijui kwa imani gani: 2.55. Diski ina daftari lake na wingu lina lake. Kuchagua folda zipi zikae kwenye kompyuta kunagusa daftari la diski tu. Kule juu bado wewe ni mwanachama, na uanachama ndio unaohesabiwa.

Ndipo nikapata wazo ambalo hadi leo shangazi hulitaja kila tukikutana. Nikafungua folda kwenye kivinjari, nikapanga faili kwa ukubwa, nikachagua video ile na picha 40 nzito, nikabonyeza "Futa". Kulikuwa na onyo fulani hapo, lakini mtu mwenye furaha hasomi maonyo. Mstari unaoonyesha nafasi iliyotumika ukashuka. Nikajiona fundi.

Simu ikaita.

"Mwanangu, harusi imekwenda wapi?"

"Harusi gani, shangazi?"

"Nina wageni hapa sebuleni! Bibi harusi anashuka kwenye gari, bibi harusi anafika mlangoni, nikibonyeza tena hamna kitu. Hata mlango hamna!"

Folda ya pamoja ni chungu kimoja. Mwenye ruhusa ya kuhariri akifuta faili, inafutika kwa wote, na kompyuta zilizounganishwa zinaitoa zenyewe bila kuuliza. Kumbukumbu za folda hazifichi siri pia: jina langu lilikuwa juu kabisa, "amefuta faili 41", na saa yake. Bahati faili zilizofutwa kwenye akaunti ya bure ya huduma ile hukaa siku 30 kabla ya kupotea kabisa. Binamu, ambaye analipia, akaenda kwenye "Faili zilizofutwa", akaweka alama 41, akabonyeza "Rejesha". Harusi ikafufuka. Mgao wangu nao ukafufuka: 2.55.

Kinachochanganya watu, na mimi nikiwamo, ni kwamba kanuni hii si ya kila mahali. Kwenye Google Drive faili humlemea mwenye faili, kwa kawaida aliyeipakia, hata kama kaiweka kwenye folda ya mwingine. Kuondoa ulichoshirikishwa hakukurudishii hata baiti moja, lakini ukitengeneza kopi yako, hiyo ni yako na inakatwa kwenye GB 15 unazogawana na baruapepe. Tena kule takataka zinahesabiwa hadi umwage pipa au siku 30 ziishe. OneDrive ni kinyume: wakipakia kwenye folda yako, anayelemewa ni wewe mwenye folda. Ndiyo maana ushauri niliopewa na jirani, anayetumia huduma nyingine, ulikuwa sahihi kabisa na haukunifaa hata kidogo.

Dawa ya kweli ilikuwa kuondoka: fungua mipangilio ya kushirikisha ya folda, tafuta jina lako, bonyeza "Ondoka". Wenzako wanabaki na kila kitu, mgao wako unashuka. Ukiulizwa kama unataka kubaki na kopi, kataa, maana kopi inakula nafasi ileile. Nilielewa yote hayo. Ila kabla ya kuondoka nikataka picha zangu 22, zile nilizotokea vizuri. Nikazikamata, nikaziburuta hadi kwenye folda yangu binafsi.

Kuburuta ndani ya akaunti si kunakili, ni kuhamisha. Kuhamisha faili nje ya folda ya pamoja, kwa wenzako, ni kufuta.

Simu ikaita. Safari hii shangazi hakusalimia.

Binamu akarejesha tena zile 22, akanitoa yeye mwenyewe kwenye folda, akanitumia kiungo cha kutazama tu. Kiungo hakihesabiwi kwenye mgao mpaka uhifadhi faili kwenye akaunti yako. Mstari ukashuka, ripoti ikapanda kwa sekunde chache.

Jioni shangazi akapiga, sauti imelainika.

"Sasa umetoka, si ndiyo? Huwezi kugusa?"

"Siwezi, shangazi. Natazama tu."

"Alhamdulillahi. Basi ngoja nimwambie shemeji yako aweke na ile ndefu. Ya masaa mawili."

Dakika 120 mara MB 170 ni GB 20.4. Ndani ya folda wamebaki watu 13, na kumi na mbili kati yao wana GB 2 kama mimi.