Trela yenye droo: mke wangu anaitaka, mimi siitaki

Muuzaji alibonyeza kitufe. Mota ikanguruma, na ukuta mzima wa trela, na kochi lake, na meza yake, na dirisha lake, ukaanza kutoka nje taratibu kama droo ya kabati. Mama yangu, aliyetua Minnesota mwezi Mei kutoka Tanga kuja kuwaona wajukuu, akajishika mdomo.

"Nyumba inajifungua!"

Watoto walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameshapanda ngazi, yuko ndani anahesabu hatua kutoka kwenye kochi mpaka kwenye jiko, na nikajua ubishi wetu wa tangu majira ya baridi umefufuka palepale yadini.

Tunatafuta trela ya kulala, ile unayoifunga nyuma ya pikapu ikiwa na vitanda, jiko, friji na choo. Bei tumeshakubaliana, urefu tumeshakubaliana. Tumekwama kwenye jambo moja tu: iwe na slaidi au isiwe nayo. Ndivyo tunavyouita huo ukuta unaotoka. Wanangu wao wanauita droo, na nadhani wao ndio wamepatia.

Chanzo chake ni upana wa barabara. Kwenye barabara kuu za Marekani trela haitakiwi kuzidi inchi 102, yaani mita 2.6 hivi. Sasa toa unene wa kuta, toa kochi upande huu, toa jiko upande ule, katikati unabaki na ujia wa kama sentimita 75. Watu wawili wakikutana humo, ama mmoja arudi nyuma ama wote wawili wavute matumbo. Viwanda vya Elkhart, Indiana, na miji ya jirani, ambako trela nyingi za nchi hii zinaundwa, vikaja na ujanja wa trela inayokwenda ikiwa nyembamba na kupanuka ikishafika. Tangu miaka ya 1990 slaidi zimeenea hivi kwamba leo ukitaka trela ndefu isiyokuwa nayo, utatembea yadi kwa yadi mpaka soli ziishe.

Nianze kwa kukiri. Zile siku tatu za mvua Itasca nilikosa la kusema.

Ilikuwa mwaka juzi, Mama hakuwepo. Tulikodi trela yenye slaidi moja tukaenda Itasca, ile hifadhi ya jimbo ambamo mto Mississippi unaanzia. Pale unapotoka ziwani ni kijito tu, unakivuka kwa kukanyaga mawe. Siku ya kwanza watoto walikivuka huku na huku mpaka nikaacha kuhesabu. Siku ya pili ikaanza mvua, na haikukatika. Watu watano ndani, viatu vimeloa, makoti yamening'inia mlango wa choo.

Halafu kuna suala la sala, ambalo sijaona muuzaji yeyote akiligusa. Kibla cha huku Minnesota ni kaskazini mashariki. Trela haina habari na kibla, inakaa vile kibanja cha kambi kilivyochongwa. Chetu kilikuwa kimelala mashariki kwa magharibi, kwa hiyo mswala ilibidi utandikwe mshazari. Kwenye ujia wa sentimita 75 hilo haliwezekani. Ama utapindisha kibla, ama utagonga kabati la sufuria kila unaposujudu. Slaidi ilipofunguka tulipata sakafu ya kutandika miswala miwili bila kugusa kitu. Jioni mke wangu alikuwa anachoma chapati, watoto wamejilaza chini wanacheza karata, mvua inapiga paa. Akanigeukia akasema, "Unaona, baba watoto?"

Nikaona, kweli.

Asubuhi ya kuondoka jua likatoka. Nikabonyeza kitufe cha kuingiza. Slaidi ikaja kama robo tatu, upande wa kushoto ukagoma, wa kulia ukasogea kidogo zaidi, kisha kimya. Ile ilikuwa aina yenye mota mbili, moja kila upande, zimefichwa ndani ya ukuta, na kompyuta ndogo inayozilazimisha ziende sambamba. Upande mmoja ukikwama, kompyuta inazima pande zote na kitaa chekundu kinaanza kupepesa. Chumba kikabaki upogo, nusu ndani, nusu nje. Trela ikiwa hivyo huwezi kuivuta hata hatua kumi, na huwezi kuiacha, kwa sababu wanaokifuata kibanja chako wako njiani wanakuja.

Nililala kifudifudi na tochi ya simu zaidi ya saa nzima. Nikaangalia fyuzi. Nikaangalia betri. Mwishowe nikakiona kitu cha bluu kimebanwa kwenye ncha ya chini kabisa: kandambili ya mtoto wa mwisho, ambayo tangu juzi yake nilikuwa nimemgombeza kwamba ameipoteza. Niliivuta kwa waya wa hanga. Mzee wa kibanja cha jirani, aliyekuwa ameketi na kikombe chake cha kahawa akinitazama muda wote, ndipo akanyanyuka kuniambia niitoe kwanza slaidi yote mpaka mwisho, niendelee kubonyeza hadi mota zote mbili zisimame zenyewe, ndipo niiingize. Nikafanya hivyo, ikaingia. Kwa nini hakusema mapema sijui. Labda alikuwa anaburudika.

Hata hivyo kandambili siyo kesi yangu. Kesi yangu ni maji.

Fikiria wanachokifanya kiwandani. Wanachukua ukuta wa trela, ambao tayari ni mbao nyembamba na gundi, wanakata tundu la kupitisha kochi zima, halafu wanaliziba kwa mipira iliyozunguka pande zote. Mipira hiyo ndiyo inayokutenganisha na mvua. Jua linaikausha, inakakamaa, inapasuka pembeni. Juu ya paa la slaidi zinadondoka sindano za misonobari na majani; usipopanda na ufagio kabla ya kufunga, unaviingiza ndani pamoja na maji yake. Sakafu ya slaidi mara nyingi ni ubao wa kushindiliwa, na ubao ule ukishalowa kwenye kingo haukauki tena vizuri.

Ndiyo maana nikiingia kwenye trela iliyotumika sitazami mapazia. Nakwenda moja kwa moja kwenye pembe za slaidi, nabonyeza kwa kisigino. Wiki ile tulikagua mbili. Ya kwanza sakafu ilididimia kama godoro la zamani, na kulikuwa na harufu ya kabati la nguo mbichi. Ya pili sakafu ilikuwa nzima, ila nje, chini ya dirisha la slaidi, ukuta ulikuwa umefura kama chapati iliyopata moto sawasawa. Muuzaji akapitisha kiganja juu yake akasema ni kidogo tu. Ukuta ukifura namna ile, gundi imeshaachia ndani, na fundi hataweza kuurudisha kwa rangi.

Na huku tunazungumzia Minnesota. Maji yakipenya Oktoba, Januari ni barafu, na barafu inatanua kila ufa iliyoukuta. Hata bila kuvuja, ukilala kwenye slaidi usiku wa baridi utajua, kwa maana chini ya kitanda chako hakuna kitu ila upepo.

Hapahapa jimboni, mjini Backus, wanatengeneza trela ziitwazo Scamp: magamba mawili ya fiberglasi, la juu na la chini, yaliyounganishwa kiunoni kama yai. Hazina slaidi. Zilizoundwa miaka ya 1980 bado nakutana nazo barabarani zikivutwa na vigari vidogo. Airstream nazo, zile za aluminiamu zinazong'aa kutoka Jackson Center, Ohio, siku hizi zinaundwa bila slaidi, na za miaka ya 1960 bado watu wanazigombania. Moja ni ndogo mno kwetu, nyingine bei yake siiwezi hata nikiota, ila zote mbili zimenifundisha kitu kuhusu kuta ambazo hazijakatwa.

Upande wa uzito nitakwenda kwa hesabu, maana hapo maneno hayasaidii. Fungua mlango wa dereva wa pikapu yako, tazama stika iliyobandikwa kwenye nguzo. Imeandikwa uzito wa watu na mizigo yote usiozidi kiasi fulani. Yangu ni kilo 680. Sisi watano ni 250, Mama 65. Chuma cha kuungia na kusawazisha trela ni 35. Trela iliyopakiwa yenye kilo 2,400 inakandamiza nyuma ya pikapu kwa asilimia 12 na nusu hivi, yaani kilo 300. Zimebaki 30, za kikapu cha chakula na jenereta dogo ukilibembeleza. Sasa ongeza slaidi ya kilo 300 na mota zake: mkandamizo unapanda kwa karibu kilo 38, nimezidi kwa 8 kabla sijaweka hata chupa ya maji kitini. (Slaidi ikikaa nyuma ya matairi hesabu inapungua, ikikaa mbele inazidi. Lakini muulize muuzaji iko wapi, atakuonyesha televisheni.) Shemeji yangu ananiambia ninunue pikapu kubwa zaidi. Yaani nibadilishe gari kwa ajili ya kochi.

Jambo ambalo ningemsihi msomaji alifanye, hata kama hanikubalii kwa mengine yote: ukifika yadini, mwambie muuzaji afunge slaidi, ndipo uingie. Trela zote zinapangwa zikiwa zimefunguliwa, unaingia unaona ukumbi, moyo unayeyuka. Zikifungwa ni hadithi nyingine. Ile aliyoipenda mke wangu, ikifungwa kochi linakuja kuzuia mlango wa friji, na kwenda chooni lazima upande juu ya kitanda. Kutoka kwetu hadi hifadhi ya taifa ya Badlands, South Dakota, ni kama kilomita 850, na mimi na watoto watatu hatuzimalizi kwa siku moja. Tutalala kwenye maegesho ya kituo cha malori, lori kulia, lori kushoto, na hapo hufungui ukuta. Mama ana sukari, anakula kwa saa. Chakula chake kiko kwenye friji, na friji iko nyuma ya kochi.

Kuna watu ningewaambia wachukue slaidi na wasinisikilize. Dada mmoja tunayemfahamu, Mkenya, ni muuguzi wa mikataba ya wiki 13. Anahamisha trela mara nne kwa mwaka, anaiegesha, anaisawazisha kwa pimamaji, anafungua slaidi mbili, anaishi. Kwake ile ni nyumba, na hakuna sababu ya mtu mzima kuishi ujiani. Sisi tunahama kila baada ya usiku mmoja au miwili. Kila kufungua na kufunga ni nafasi nyingine ya kandambili.

Nilisema haya yote kwenye ile yadi, si kwa utaratibu huu, na kwa sauti iliyowafanya watu wa trela ya pili wachungulie. Muuzaji akatupeleka nyuma kabisa, kwenye kona ambako zimeegeshwa zisizo na slaidi. Zilikuwa mbili. Tukaingia ya kwanza: futi 22, madirisha makubwa, meza inayokunjwa ukutani. Nikakanyaga pembe zote kwa kisigino, sakafu ngumu.

Mke wangu akafungua mkoba akatoa mswala. Alikuwa amekuja nao. Akatazama simu kupata kibla, na bahati ikanisimamia, kwa sababu trela ilikuwa imeegeshwa ikielekea kaskazini mashariki barabara. Akautandika ujiani, ukakaa sawa, hakuna pembe iliyokunjika. Mama akatandika kanga yake nyuma yake, nayo ikatosha.

Nikasema, "Mmeona?"

Mke wangu alikuwa ameinama anaukunja mswala. Hakuinua uso. "Nimeona. Na kambini, kibanja kikielekea kwingine?"

Mama akanitazama, akasubiri jibu. Muuzaji, ambaye hakuelewa neno hata moja, naye akanitazama.