Mkulima wa Pwani apewe biashara ya pili kabla hajauza shamba

Huku Toscana, Italia, ninakoishi, mwenye mizeituni hulaza wageni katika ghala la zamani alilolikarabati, huwapikia mazao ya shambani kwake, na wanapoondoka huwauzia mafuta yenye jina la ukoo wake kwenye lebo. Ujanja wake peke yake haukumfikisha hapo. Sheria ya mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1985, inamtambua kuwa ni mkulima hata anapopokea wageni, mradi kilimo kibaki kuwa kazi yake kuu. Muda unaotumika shambani ni kipimo kimojawapo, kwa hiyo tajiri wa mjini anayepanda miti michache ya mapambo ili afungue hoteli hapenyi kirahisi (na Dar tunao wengi wa namna hiyo).

Nyumbani Tanzania mambo ni tofauti. Kiwangwa, wilayani Bagamoyo mkoani Pwani, msimu wa mananasi unapochanganya, dalali hutaja bei kabla hajashuka kwenye Fuso, na mkulima hukubali kwa sababu nanasi lililoiva halisubiri. Sisi wa Dar es Salaam hulila likiwa limemenywa na kukatwa vipande kwenye toroli, kwa bei ambayo aliyelilima akiisikia atashika kichwa. Baada ya misimu kadhaa ya namna hiyo, hushangai kumwona akikata shamba viwanja.

Sina ugomvi na semina. SIDO, shirika la umma la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, limewafundisha wengi kusindika matunda, na hiyo ni kazi ya kweli. Ila chupa ya jemu inayotafuta nafasi dukani hushindana na jemu za viwandani, ilhali mgeni anayeletwa shambani hula, hulala na kununua palepale, bila dalali. Wateja wapo: sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5 mkoani Dar es Salaam, wengi wakitafuta pa kuwapeleka watoto Jumamosi.

Kwa maoni yangu, halmashauri za Pwani zimwandikie mkulima utaratibu wake, wenye kibali kimoja, ukaguzi wa choo, maji na jiko, na ada inayolingana na vyumba viwili vitatu, badala ya kumpima kama mwenye gesti ya mjini. Kiwangwa pangefaa kwa kuanzia, maana barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata inapita hapohapo.