Njegere za friza na maji tunayoyamwaga

Wengi tunaopika Kampala tunaamini kwamba mboga ikishaingia friza haina tena faida mwilini. Imani hiyo ina ukweli wake. Kabla ya kugandishwa, njegere au spinachi hutumbukizwa kiwandani kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, ili kuua vimeng'enya ambavyo vingeharibu rangi na ladha hata ndani ya barafu. Hapo sehemu ya vitamini C na foleti, mojawapo ya vitamini za kundi B, hubaki majini. Pakiti inafika kwako imeshapungukiwa.

Lakini tunailinganisha na mboga ipi? Dodo, yaani mchicha wetu, iliyochumwa alfajiri na kuliwa mchana huishinda ya friza, hilo sibishi. Ila dodo nyingi ya mjini imelala kwenye gunia, ikapanda boda, ikashinda juani sokoni ikinyunyiziwa maji ili isinyauke. Majani mabichi kwenye joto hupoteza vitamini C haraka. Kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri, upotevu huo huenda polepole sana. Baada ya siku mbili tatu, pakiti inaweza kuwa mbele.

Kinachoniuma zaidi ni sufuria. Tunatia njegere za friza kwenye maji tele, tunachemsha nusu saa, kisha tunayamwaga yale maji ya kijani. Vitamini C na za kundi B ndizo hizo zimemwagwa, na moto wa muda mrefu umeshaharibu nyingine. Njegere hizi zilishapita kwenye maji ya moto kiwandani, kwa hiyo dakika chache zinazitosha: zitoke friza moja kwa moja, maji kidogo, sufuria ifunikwe. Anayeongeza magadi ili mboga ilainike upesi anazidisha hasara, kwa sababu magadi huvunja vitamini C na B1.

Buganda wana njia ninayoipenda: mboga hufungwa kwenye jani la mgomba na kuwekwa juu ya matoke, ikaiva kwa mvuke. Hakuna maji ya kumwaga. Tatizo lake ni muda tu, maana matoke hukaa motoni sana. Ni heri fungu la mboga liingie mwishoni.

Wala moto si adui wa kila kitu. Karoti iliyopikwa hutoa karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, kwa urahisi kuliko mbichi, hasa ikiwa na mafuta. Boo, yale majani ya kunde ya kaskazini mwa Uganda, inayoungwa kwa odii, ule uji mzito wa karanga na simsim, hunufaika vivyo hivyo. Nyuzinyuzi na madini mengi hubaki, ilimradi mchuzi unaliwa.

Aliye na bustani nyuma ya nyumba, au umeme wa kukatikakatika, sioni kwa nini anunue pakiti. Mimi hurudi saa mbili usiku, dodo iliyobaki sokoni imeshanyauka. Nachukua njegere za friza, na maji yake nayaacha kwenye mchuzi.